Mama alipona kiharusi, sasa anasahau: je, ni Alzheimer?

"Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Moshi, na mimi ndiye binti ninayekaa naye. Mwezi wa pili mwaka huu alipata kiharusi: mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakapotea. CT scan ilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Tunamshukuru Mungu, kufikia mwezi wa tano alikuwa anatembea kwa fimbo na anaongea, ingawa mkono bado mzito. Lakini tangu mwezi wa nane amebadilika. Anauliza swali moja mara tatu ndani ya saa, ameacha sufuria ya maharage jikoni mpaka ikaungua, hataki tena kwenda kwenye kikoba chake, mchana anasinzia na usiku hapati usingizi. Anatumia dawa ya presha (ila huimeza kichwa kikimuuma tu), aspirini, amitriptilini aliyoandikiwa kwa maumivu ya bega, na Piriton tunayompa usiku ili alale. Kaka yangu yuko Marekani. Anasema hiyo ni Alzheimer na yuko tayari kutuma pesa tuagize dawa mpya ya lecanemab kupitia India. Majirani wanasema ni uzee tu. Na tulikokuwa tunampeleka mazoezi waliniambia miezi sita ikishapita, kilichobaki hakirudi tena. Nimsikilize nani?"

Pole sana kwa kuuguza, dada. Kati ya hao watatu kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila hakuna ambaye ningekushauri umfuate. Na sentensi iliyonishtua kuliko zote umeifungia kwenye mabano: dawa ya presha huimeza kichwa kikimuuma tu. Nitaifikia.

Tuanze na majirani, maana hao ni wepesi kuwajibu. Uzee hupunguza kasi: jina la mtu linachelewa kuja, miwani inatafutwa ikiwa kichwani. Haumfanyi mtu aulize swali moja mara tatu ndani ya saa. Wilaya ya Hai, hapo jirani yenu, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wazee wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na demensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Wale wengine 94 nao walikuwa wazee. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni umri tu", mwulize mbona kuna bibi wa miaka 85 anayekumbuka deni la kila mteja wake wa maziwa.

Kaka yako amekaribia zaidi, lakini ameharakisha kutaja jina. Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya demensia, huanza kimyakimya. Protini mbili, amiloidi nje ya seli za ubongo na tau ndani yake, hujikusanya kwa miaka 15 hadi 20 kabla dalili hazijaonekana, na zikishaonekana hupanda polepole mwaka hadi mwaka. Mama yako alikuwa vizuri mwezi wa tano, mwezi wa nane akabadilika. Mwendo huo wa kushuka kwa hatua, baada ya kiharusi, hutufanya tutazame kwanza mishipa ya damu, halafu dawa, halafu moyo ulioinama kwa huzuni. Hata ile sufuria si lazima iwe kumbukumbu. Kiharusi hupenda kuharibu umakini na uwezo wa kushika mambo mawili kwa pamoja: ameteleka maharage, simu imeita, jiko limetoka akilini.

Kuna jambo unaloweza kulitazama mwenyewe hapo nyumbani. Mwulize nani alikuja jana. Akikwama, usimpe jibu, mpe mwanga kidogo: "alikuja na nanasi." Akisema "ehee, mama Neema!", basi habari ilihifadhiwa, ila njia ya kuifikia imekuwa nzito, hilo huonekana zaidi kwa wagonjwa wa mishipa. Akikutazama kana kwamba hakuna aliyekuja kabisa, na ikawa hivyo kila mara, habari haikuhifadhiwa, na hapo mashaka ya Alzheimer yanaongezeka. Hicho si kipimo cha kumaliza ubishi, lakini andika unachokiona, daktari atakishukuru.

Sasa nikueleze kwa nini magonjwa haya mawili, Alzheimer na ule wa mishipa, hayatengani kirahisi, maana hapa ndipo kazi yetu watafiti ilipo. Alois Alzheimer mwenyewe, kabla ya mwaka 1906 alipowaeleza wenzake mjini Tübingen habari za mgonjwa wake, mama mmoja wa Frankfurt, zilizolifanya jina la Alzheimer lijulikane, alikuwa amekwisha kuandika juu ya ubongo unaoharibiwa na mishipa iliyokakamaa. Waliokuja baadaye ndio waliozitenga habari hizo, wengine wakachunguza protini, wengine mishipa, na imechukua muda mrefu kuzikutanisha tena. Kati ya waliozikutanisha ni David Snowdon, aliyefuatilia watawa wa Kikatoliki nchini Marekani waliokubali kupimwa kumbukumbu kila baada ya muda na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mwaka 1997 alionyesha jambo ambalo mpaka leo nawasomea wanafunzi. Watawa waliokuwa na uharibifu wa Alzheimer kwenye ubongo hawakuwa wote wamepoteza akili walipokuwa hai. Lakini wale ambao, juu ya uharibifu huo, walikuwa na kovu moja au mawili tu ya viharusi vidogo sehemu za ndani za ubongo, uwezekano wa kuwa na demensia ulikuwa mkubwa mno kuliko wenzao. Ubongo ulikuwa unajitahidi kuubeba ugonjwa mmoja. Wa pili ulipoongezeka, ukashindwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mama ana amiloidi kidogo iliyokuwa imelala, na kiharusi kimeifichua. Inawezekana pia hana hata chembe. CT scan ya mwezi wa pili haiwezi kukuambia.

Na kwa nini baada ya miezi, si siku ileile? Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililomjumuisha Kristian Doyle na Marion Buckwalter lilichapisha utafiti wa panya. Wiki moja baada ya kiharusi panya walikumbuka vizuri. Wiki saba baadaye walikuwa wamepungukiwa. Walipofungua ubongo wakakuta chembe za kinga ya mwili, zile zinazotengeneza kingamwili, zimejazana kwenye kovu na kuendelea kushambulia pembeni. Walipozizuia, kumbukumbu haikuporomoka. Panya si mama yako, na hakuna dawa ya namna hiyo ya kumpa leo. Lakini sasa tunajua kwamba kovu la kiharusi halitulii mapema kama tulivyodhani.

Kwa binadamu, Sarah Pendlebury na Peter Rothwell wa Oxford walikusanya tafiti nyingi mwaka 2009 wakapata picha ambayo bado tunaitegemea: takriban mtu 1 kati ya 10 hupata demensia baada ya kiharusi cha kwanza, lakini baada ya kiharusi cha kujirudia ni zaidi ya theluthi moja. Namba hiyo ya pili ndiyo ninayotaka uikariri. Kinachomtishia mama zaidi sasa hivi ni kiharusi cha pili.

Nirudi kwenye mabano yako. Presha haina dalili. Kichwa kinaweza kumuuma ikiwa 120, na kikawa kimetulia kabisa ikiwa 190. Kumeza dawa kwa kusikiliza kichwa ni sawa na kutomeza. Utafiti wa PROGRESS, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, ulionyesha mwaka 2001 kwamba waliopewa dawa za kushusha presha kila siku walipungukiwa na viharusi vya kujirudia kwa asilimia 28. Miaka miwili baadaye watafiti haohao wakaonyesha kwamba demensia inayofuatana na kiharusi cha pili nayo ilipungua kwa karibu theluthi moja. Dawa zilizotumika ni za kawaida, za bei ya kawaida. Nikipewa shilingi moja tu ya kutumia kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yako, naiweka hapo.

Nunueni mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, si ile ya kifundo cha mkono. Akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, mkono ule usio na kiharusi umewekwa mezani usawa wa moyo, mpime mara mbili, muandike. Wengi wetu tunalenga chini ya 130 kwa 80 kwa mtu wa aina yake, lakini kiwango chake na kasi ya kushusha aamue daktari wake. Na dawa imezwe kila asubuhi, kichwa kiume kisiume.

Jambo la pili ni dawa mbili mlizompa kwa nia njema. Piriton, ambayo kwetu inauzwa kila duka la dawa, na amitriptilini, zote zinazuia kemikali ya ubongo inayoitwa asetilikolini. Hiyo ndiyo kemikali ya kumbukumbu. Donepezili, dawa ya zamani ya Alzheimer, kazi yake yote ni kuiongeza. Kwa kijana mwenye mafua Piriton inaishia kwenye usingizi. Kwa mama wa miaka 68 mwenye kovu kwenye ubongo, hizo mbili kwa pamoja zinaweza kumfanya asinzie mchana, achanganyikiwe jioni, akaukwe mdomo, ajikojolee au mkojo ugome, na asahau. Nimeona wagonjwa walioletwa wakisemwa wana Alzheimer, na kilichowatoa humo ni kufungua mfuko wa dawa. Piriton ya usingizi iacheni. Amitriptilini msiikate ghafla. Rudini kwa aliyeiandika mwulize kama bega linaweza kutibiwa kwa njia nyingine. Mara nyingi bega hilo huuma kwa sababu mgonjwa huinuliwa kwa kuvutwa mkono au kushikwa kwapani, kwa hiyo mwinueni kwa kumshika kiunoni, na akiwa amekaa mkono uegemee mto. (Na mkimkanda, yapimeni maji kwa mkono wenu kwanza. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, na nimeona majeraha ya moto yaliyotokana na upendo.)

La tatu ni kikoba. Mama anayekataa ghafla kwenda alikozoea kucheka na wenzake huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo humpata takriban mtu 1 kati ya 3 baada ya kiharusi. Mwenye sonona hashiki anachoambiwa, kwa hiyo huonekana anasahau. Huenda pia anaona aibu kwa mkono wake au kwa maneno yanayokawia. Mwulize waziwazi, mkiwa wawili, kama anajisikia kukata tamaa. Mwulize pia kama anasikia vizuri, na wewe sikiliza usiku kama anakoroma halafu pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa. Hilo ni la kawaida sana baada ya kiharusi, huharibu usingizi na kumbukumbu pamoja, na linatibika.

Kuhusu miezi sita, hapo nitabishana na waliokuambia, ingawa najua walikolitoa. Baada ya kiharusi kuna majuma ambayo ubongo hufungua milango ya ukuaji ambayo huwa imefungwa kwa mtu mzima: seli zilizo pembeni ya kovu huotesha matawi mapya na kutafuta majirani wapya. Mwamko huo ni mkali zaidi miezi mitatu ya kwanza, kisha hupoa. Lakini kupoa si kufungwa. Mwaka 1996 Randolph Nudo alionyesha kwa kima kwamba sehemu ya ubongo inayoendesha kiganja, iliyobaki pembeni ya kovu, ilizidi kusinyaa kama mkono haukutumika. Mkono ulipofanyishwa kazi, sehemu hiyo ilibaki na hata ikasogea kuchukua eneo la kiwiko na bega. Daraja likivunjika, watu hukata njia kupitia shambani, na njia hiyo huonekana pale tu miguu inapopita kila siku. Kwa binadamu, utafiti wa EXCITE uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla. Waliofanyiwa tiba walivalishwa glavu nene kwenye mkono usio na kiharusi sehemu kubwa ya siku kwa majuma mawili, ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi, na wakafanyishwa mazoezi kwa saa nyingi. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao.

Masharti yapo: lazima mkono uwe na uhai kidogo, vidole na kifundo viweze kujinyanyua hata kwa shida. Kama mama ana hicho, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe. Nyumbani mkalishe na ungo wa mchele, achambue kwa mkono wa kulia. Punje ya mpunga ikimtoroka, airudie. Kazi hiyo inatumia kidole, jicho na umakini kwa pamoja, na chakula kinapikwa. Jikoni kwenye moto asiachwe peke yake kwa sasa.

Watu wananiuliza kama kuna kidonge cha kuufungua tena ule mlango. Kuna tunachokifuatilia. Mwaka 2019 kundi la Thomas Carmichael na Alcino Silva la Los Angeles lilionyesha kwamba protini ya CCR5, ileile ambayo virusi vya UKIMWI huitumia kuingilia kwenye seli, hupanda baada ya kiharusi na kuzuia ubongo kujijenga. Panya waliozuiwa protini hiyo walipona vizuri zaidi, na watu waliozaliwa na upungufu wake nao walionekana kupona vizuri zaidi. Mwaka 2022 maabara ya Silva ikaihusisha protini hiyohiyo na namna ubongo unavyounganisha kumbukumbu moja na nyingine. Kwa mtu kama mimi, anayechunguza kiharusi na kumbukumbu, hilo linasisimua. Lakini msiende kutafuta dawa ya UKIMWI dukani. Fluoksetini, dawa ya sonona, nayo ilisisimua: mwaka 2011 utafiti mdogo wa Ufaransa ulionyesha inasaidia mkono na mguu kurudi, kisha mwaka 2018 utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ukaonyesha haiongezi uwezo wa mgonjwa kujitegemea, na waliotumia walivunjika mifupa zaidi. Kwa sonona bado ni dawa nzuri. Kwa kupooza, hapana.

Sasa lecanemab, na hapa ningependa kaka yako naye asome. Si kidonge, huanza kwa dripu ya mshipani kila baada ya wiki mbili. Huondoa amiloidi, kwa hiyo kwanza lazima ithibitishwe kwamba amiloidi ipo, kwa picha maalumu ya PET au kwa kutoa maji ya uti wa mgongo, halafu picha za ubongo za MRI za mara kwa mara kuangalia kama ubongo unavimba au kuvuja damu. Katika utafiti wa watu 1,795 kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27. Kwenye kipimo cha alama 18 tofauti ilikuwa 0.45, ambayo familia nyingi huenda zisiione kwa macho. Takriban mmoja kati ya wanane walivimba ubongo, wengi bila dalili. Mwongozo wa matumizi yake huwaondoa watu waliopata kiharusi cha mshipa mkubwa. Na yupo mgonjwa aliyekuwa akiitumia ambaye alipata kiharusi, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, akafa kwa kuvuja damu ubongoni. Kwa mama yako, mwenye kiharusi cha mwaka huu na presha isiyotulia, dawa hiyo ni hatari, na dawa ya kuletwa kwenye mfuko bila MRI ni hatari zaidi. Pesa za kaka zina kazi: mashine ya presha, nauli za kliniki, fiziotherapia, na msichana wa kukaa na mama mchana ili wewe upumzike.

Mko Moshi, ombeni rufaa ya hospitali ya KCMC. Nendeni na mfuko wenye dawa zote, hata za asili, na daftari la presha. Ombeni kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio hurusha damu iliyoganda kichwani na aspirini peke yake haitoshi hapo. Mwulize daktari kama anahitaji dawa ya kushusha lehemu kwenye damu. Apimwe sukari, mkojo, damu, tezi ya shingo, vitamini B12 (hasa kama anatumia metformini, dawa ya kisukari), kaswende na VVU. Msione vibaya, vyote hivi vinaweza kuiba kumbukumbu na vyote vina tiba. Kumbukumbu nayo ipimwe. Ule utafiti wa Hai ulizaa kipimo kinachofaa hata kwa asiyewahi kushika kalamu: badala ya kuchora, mgonjwa anapewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Huko Hai pia ilijaribiwa tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa wenye demensia, vikao 14, na ilisaidia. Kwa hiyo kikoba msikiache kife. Waombe wenzake waje kukaa kwenu kwa mwezi mmoja mpaka azoee tena.

Msisubiri tarehe ya kliniki kama amechanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, ameanguka na sasa anasinzia kupita kawaida, amepata degedege, anapaliwa kila anywapo maji, au anasema afadhali afe. Na uso ukipinda, mkono ukianguka au maneno yakipotea tena, hata kama vimerudi sawa baada ya dakika kumi, nendeni hospitali yenye CT scan saa hiyohiyo. Msimwongezee aspirini nyumbani, kwa sababu kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe chakula wala maji. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na daktari atauliza swali moja kabla ya mengine: mara ya mwisho mlimwona akiwa sawa saa ngapi? Iandikeni kabla ya kutoka mlangoni.